Barua ya wazi: Mheshimiwa, rasimu ya mtaala wa uuguzi iko wapi?

Kwako Mheshimiwa mgeni rasmi,

Shikamoo. Mimi ni yule muuguzi aliyesimama mwishoni mwa kikao cha wadau hapa Mwanza, akauliza kwa nini mwanafunzi wa shahada afundishwe kumshauri mgonjwa wa kisukari ale brokoli na samaki wa salmoni, ilhali sangara na dagaa wamejaa pale Mwaloni. Ukumbi ulicheka. Nawe ulicheka, ukasema: "Hoja nzuri sana. Rasimu itarudi kwenu kabla haijapitishwa." Mwaka wa pili huu.

Brokoli tuiache. Jumanne alfajiri tulimpokea binti wa uzao wa kwanza kutoka Magu, kaja na mama mkwe wake. Intani wangu, mhitimu aliye kwenye mafunzo ya vitendo, kijana mwenye alama safi, aliuliza kama alivyofundishwa: "Umetumia dawa yoyote?" Hapana. Akaandika hapana. Uchungu ulikuwa unasuasua, oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, ikaagizwa, na dripu ilishaning'inizwa nilipoona kikombe cha plastiki kikichungulia kwenye khanga ya mama mkwe, chini kina masalia ya mizizi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu, nikachuchumaa. Tukaanza na habari za mvua, kwa Kisukuma. Kumbe binti anakunywa mitishamba ya kuharakisha uchungu tangu jioni! Wala hakudanganya mtu. Kwao dawa ni ya hospitali; ile ni mizizi tu.

Dripu niliishusha mwenyewe. Mizizi ile ikikutana na oksitosini, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika, hilo halihitaji kuelezwa. Mtoto alitoka amelegea, tukampulizia hewa kwa ambu hadi akalia. Mimi nikaenda kukaa stoo ya mashuka, magoti hayanibebi.

Kijana akanifuata huko. "Sista, haya tungefundishwa wapi?"

Miaka minne darasani, Mheshimiwa, kwa Kiingereza. Anakutajia bila kusita nadharia ya Madeleine Leininger, Mmarekani aliyekwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea ajifunze wanavyouguzana. Mtihani alifaulu. Yeye mwenyewe hajalala kijiji chochote cha Magu hata usiku mmoja, na kichocho, ugonjwa wa ziwa hili hili, alikipitia kwa mhadhara mmoja.

Nahisi maoni yetu yaliishia kwenye kompyuta ya mtaalamu mwelekezi. Labda alikuwa anawahi ndege ya jioni. Picha ya pamoja, hata hivyo, ilitoka vizuri.

Tuliomba wiki nane za kukaa vijijini na visiwani kabla ya mwaka wa mwisho. Tuliomba wakunga wa jadi waitwe darasani, wasikilizwe, si kukemewa. Kama hayo ni mengi, basi lile swali moja la dawa libadilishwe. Hapana, nisijipunje: tuletee rasimu. Uliahidi rasimu. Tuletee hiyo rasimu tuisome kabla intani wengine hawajaingia wodini kwangu. Posho hatutaki, na chai tutanunua wenyewe.

Wako mtiifu, bado,
Muuguzi, wodi ya wazazi, zamu ya usiku
Mwanza