Barua kwa mwanangu: siku niliyomtembeza kijana wako Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ahero. Kijana wako ni mzima, na kile kikohozi alichokuja nacho kimeisha. Najua kwa simu alikusimulia habari za nyoka peke yake. Mimi nataka uipate siku yenyewe, maana kuna jambo nilimweleza huko makumbusho na ni vizuri ulijue kabla hajaanza kukuuliza.

Tulipanda matatu asubuhi, tukashuka kabla ya kufika mjini, kwa kuwa Makumbusho ya Kisumu yako kando ya barabara hiyohiyo ya Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1980, na wewe ulipokuwa mdogo tulikuwa tunayapita tu. Hela ya kiingilio ilikuwa na kazi nyingine. Kwa nyoka alikaa mpaka miguu ikaniuma, kisha akaenda kwa kobe na mamba.

Kwenye boma la Kijaluo lililojengwa uani ndipo nilipomshika mkono tukatembea polepole. Nyumba ya mke mkubwa inalitazama lango moja kwa moja, za wake wengine ziko kando, kuna maghala ya nafaka na zizi la ng'ombe. Akaniuliza mimi bibi yake, "Dani, mimi ningelala wapi?" Nikamwonyesha simba, nyumba ya kijana wa kwanza, chini karibu na lango. Nikamwambia vijana waliwekwa pale kwa sababu mwizi wa mifugo akija, wao ndio wa kumsikia kwanza. Ungemwona alivyonyoosha mabega!

Lakini aliyenisimamisha mimi ni mbuta, yule samaki wengine humwita sangara. Wamemkausha na kumhifadhi, samaki wa kilo 190. Kijana wako alinyoosha mikono yote miwili kumpima, haikutosha. Nikamweleza kwamba huyu si mwenyeji wa ziwa letu la Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, wakati wa wakoloni, akawala fulu wetu wadogo mpaka aina nyingi zikapotea kabisa. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali, vikaja viwanda vya minofu. Nyama ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukaachiwa kichwa na mifupa.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa. Nilimweleza yote, mwanangu. Kwamba nilikuwa napanga foleni kwenye geti la kiwanda kabla hakujapambazuka, nabeba gunia linalochuruzika maji mgongoni hadi mtaa wa Obunga, naanika mifupa juani na inzi wote wale, kisha nakaanga kwenye karai kubwa, moshi ukiingia machoni. Kwamba ile nyama kidogo iliyobaki kati ya mbavu ndiyo watu wa mtaa walinunua, na ndiyo iliyolipa karo yako na sare yako. Na kwamba ulikuwa unajisugua mikono kwa ndimu kabla ya kwenda shule, kwa sababu wenzako walikucheka.

Najua hupendi habari hizo zitajwe. Sikukusudia kukuaibisha. Mtoto anasoma shule nzuri Nairobi na anadhani chakula hutoka kwenye jokofu. Nilitaka ajue kuna mikono iliyomfikisha hapo, ukiwemo wako, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinikatia vitunguu gizani. Mimi najivunia kazi ile mpaka leo.

Kutoka hapo tukachukua tuktuk hadi Dunga, ufuoni mwa ziwa. Ziwa lilikuwa tulivu, magugu maji yamejikusanya upande mmoja. Tulichagua samaki ngege wa kati. Nikauliza kama ni wa ziwani au wa kufugwa kwenye vizimba, mama muuzaji akajibu bila kuzunguka kwamba ni wa kizimba. Nikampenda kwa huo ukweli. Alimkaanga, akamrudisha kwenye nyanya na vitunguu, akatuletea na ugali na mboga ya osuga.

Mtoto akaomba uma. Nikamnawisha, nikamfundisha: anza mgongoni, pitisha kidole gumba juu ya mstari wa miiba, sukuma nyama kuelekea tumboni, na mifupa itabaki mizima bila kukatika. Mara ya kwanza aliirarua. Upande wa pili aliutoa safi kabisa, na nyama ya shavu nikamwachia yeye. Alipomaliza akauinua ule mfupa kwa mkia akauliza, "Dani, na huu ungeuza?" Nikamwambia wa mbuta ulikuwa mkubwa kuliko sahani yake. Akanyamaza kidogo, akasema atakuuliza wewe.

Basi akikuuliza, mjibu. Ukija kumchukua, fika Ijumaa ili Jumamosi twende naye Obunga, nimemwahidi kwamba wewe ndiye utakayemwonyesha mahali tulipokuwa tukikaanga. Na mletee viatu vingine, hivi vinambana.

Mama yako