Risala ya wajane na watoto wa askari polisi kwa mgeni rasmi, Aprili 13

Ndugu Mgeni Rasmi,
Afande Kamanda na maofisa mlioambatana,
Masheikh na wachungaji wetu,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Mama zetu wa kota, watoto wetu, wageni waalikwa,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kufika. Barua yetu ya kwanza ilijibiwa kwamba una majukumu mengine. Ya pili umeijibu kwa kuja mwenyewe, na hilo tumelipokea kwa furaha. Kwenye misiba yetu viongozi walijaa hadi viti vikaazimwa msikitini, lakini ikishapita arobaini mlango haubishwi hodi tena.

Mgeni Rasmi, si sote tuliofiwa tarehe hii, ila sote tumekubaliana kuikumbuka. Aprili 13, 2017 ilikuwa Alhamisi Kuu. Majira ya saa 12 jioni, katika kijiji cha Mkengeni wilayani Kibiti, gari la polisi lililokuwa likiwarudisha askari waliotoka kubadilishana lindo lilimiminiwa risasi. Askari wanane wakafa, silaha zao zikachukuliwa. Miaka miwili nyuma, Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa usiku, wakafa watu saba, na wanne kati yao walikuwa askari. Agosti 2016 ikawa Mbande, Dar es Salaam hiyohiyo, wakauawa askari wanne nje ya benki. Nako ilikuwa saa ya kubadilishana lindo. Agosti 2021 ikawa Salender, nako Dar es Salaam, mchana kweupe, wakauawa askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Huyo mlinzi tunamtaja kila mwaka kwa sababu tunaona wengi wanamsahau.

Turudi kwenye hilo neno, kubadilishana lindo. Mtu akisikia askari kauawa kazini, anawaza mapambano, risasi huku na huku. Sisi tulioishi nao tunajua jioni ile ilivyo. Mke wa askari roho humwenda mbio mume anapoingia lindo. Akishapiga simu kwamba ametoka na yuko njiani, unashusha pumzi, unabandika maji ya kuoga na kufunika chakula kwa kawa. Mwenzetu mmoja aliifunua kawa ile siku ya tatu, baada ya mazishi, kwa kuwa harufu ilianza kutoka na hakuna mgeni aliyethubutu kuigusa. Anasema mpaka leo hapiki dagaa.

Mwenzetu mwingine alifuatwa kwa ajili ya sare. Ni utaratibu, hatulalamiki. Sare ni mali ya serikali, lazima irudi stoo. Aliyetumwa kuzichukua alikuwa kijana mdogo, rafiki wa marehemu, akasimama mlangoni bila kujua aanzie wapi. Mama akamwambia, kaa kwanza mwanangu, sijazifua. Akazifua, akazianika, zikakauka. Akazipiga pasi ya mkaa, mstari wa suruali umesimama kama alivyopenda mwenyewe. Ilipofika kuhesabu, bereti haikuonekana. Ilikuwa chini ya godoro la mtoto. Yule kijana aliandika anachojua mwenyewe kwenye daftari lake, akaondoka. Hatutamtaja, maana hata leo tusingependa adaiwe.

Sasa tuje kwenye makaratasi, Mgeni Rasmi, na hapa utuvumilie kidogo. Ili mjane apate stahiki za mumewe anatakiwa awe na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kila karatasi ina ofisi yake, na kila ofisi ina foleni yake. Kikao cha ukoo kinafanyika kijijini kwa marehemu, nauli juu yako, na ukifika huko wapo mashemeji ambao wamekwisha kugawana mafao hata kabla hayajatoka. Wenzetu Waislamu wanayafanya haya wakiwa eda, miezi minne na siku kumi. Mama mmoja aliomba katika ofisi fulani dada yake ampokelee fomu, akajibiwa aje mwenyewe na kitambulisho. Akaja, kajitanda, akakaa kwenye benchi hadi saa 9 alasiri, kisha akaambiwa mwenye faili yuko semina. Mwingine aliambiwa faili halionekani tangu mifuko ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018. Faili la mtu aliyepigiwa mizinga ya maneno pale makaburini!

Na kota. Tunaelewa vyumba ni vichache na askari wapya wanahitaji pa kulala. Lakini kumwambia mama ahame wakati mtoto wake amebakiza miezi miwili afanye mtihani wa darasa la saba, hapo pana neno.

Hatutaki kujiona tumefiwa peke yetu. Kibiti hiyohiyo waliuawa wenyeviti wa vijiji na watendaji, watu wasio na bunduki wala kofia ya chuma. Mmoja wa wajane wao tuko naye hapa, tunacheza upatu pamoja. Wapo pia wanawake wa kule wanaosema waume zao walichukuliwa katika siku zile za msako na hawajarudi hadi leo. Hao hawana hata kaburi la kuzuru. Tulibishana sana kama tuliandike hili kwenye risala. Mama mmoja mzee ndiye aliyeamua: mjane hamkatazi mjane kulia.

Ombi letu si kubwa. Tunaomba askari akifa kazini, jeshi liteue mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, wa kushughulikia faili lake kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka hundi itoke, na mjane asihamishwe kota kabla ya hapo. Askari wanajua kufuatilia. Wakiamua kumtafuta mtu wanampata Tunduma. Faili lililo Dar es Salaam haliwezi kuwashinda.

Cherehani mbili mlizoziona pale nje ni zetu, za upatu. Tunashona sare za shule. Hizo hatuziombei kitu, ila ukipata nafasi zitazame.

La mwisho, Mgeni Rasmi. Ratiba inaonyesha utaondoka saa 11. Ikifika saa 12 jioni watoto watasimama kimya hapa uwanjani, wakielekea Barabara ya Kilwa, njia ya kwenda Kibiti. Tunakuomba usiondoke kabla ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.