Barua ya Wazi kwa Waziri: Friji Langu Bovu Limehesabiwa, Mimi Bado

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

YAH: MZAZI ANAYELEA PEKE YAKE KUTOONEKANA KWENYE FOMU

Shikamoo Mheshimiwa. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ni saa nne usiku huku Mbagala, watoto wamelala, karai bado la moto, na umeme ndiyo kwanza umerudi. Naandika haraka kabla haujaondoka tena, kwa hiyo uniwie radhi pale heshima itakaponiponyoka.

Jumanne iliyopita nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kwa mara ya tatu mwaka huu, kudai matunzo ya watoto. Ofisi siitaji, wenyewe wanajijua. Mimi nakaanga samaki. Nikienda ustawi asubuhi siendi Feri, soko la samaki, nisipofika Feri mnada unanipita, sina vibua, jioni sina cha kuweka kwenye meza, na Jumatano watoto wanakunywa chai kavu. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa saba. Afisa alinisikiliza vizuri, sina ubaya naye. Akajaza barua ya wito kwa baba wa watoto wangu, akagonga muhuri, akaikunja mara mbili. Halafu akanikabidhi mimi.

"Mpelekee, mama. Gari letu halina mafuta."

Mheshimiwa, mlalamikaji ni mimi! Barua ya kwanza niliipeleka mwenyewe mpaka gereji anayofanyia kazi. Wenzake walicheka hadi mmoja akaangusha spana, wakaniuliza kama siku hizi serikali imeniajiri utarishi. Yeye aliisoma, akafutia nayo mikono yenye oili, akaingia chini ya gari. Ya pili nilimpa bodaboda, shilingi 6,000, akarudi kuniambia jamaa amehamia Chanika. Sasa ninayo ya tatu. Kama kweli nafasi ya utarishi ipo, naomba basi nilipwe na nauli, vyeti vyangu vya darasa la saba nitavileta.

Wizara yako ilipoundwa Januari 2022 na jina lake likaishia kwenye "Makundi Maalum", nilifurahi. Nilimwambia dada yangu, haya, na sisi tumepata pa kukaa. Nimekuja kugundua hatumo. Aliyefiwa na mume anaitwa mjane, mtoto aliyefiwa anaitwa yatima, na wazee na wenye ulemavu wana madirisha yao. Sisemi wamependelewa, Mungu anisamehe, wana tabu zao. Ila mimi sikufiwa. Talaka sina, kwa sababu ndoa hatukufunga, alikuwa kila siku anasema mwezi ujao. Mtaani wananiita singo maza, na hilo hakuna fomu inayoliuliza.

Kuna zoezi lilipita mtaani kwetu la kuandikisha kaya zenye uhitaji. Kijana alikuja na kishikwambi, mpole, amevaa kofia. Akaniuliza: baba wa watoto yupo hai? Nikamjibu yupo, si uongo, yupo. Akabonyeza. Nikachungulia, nikaona ameweka kwamba wazazi wote wawili wapo. Nikamwambia mwanangu, yupo duniani, hayupo hapa. Akasema kishikwambi hakina sehemu ya maelezo hayo.

Kisha akaliona friji. Mheshimiwa, hili friji naomba nilieleze vizuri maana ndilo lililoniponza. Nililinunua kwa fundi likiwa limeshatumika, nikafikiri nitakuwa nagandisha barafu za kuwekea samaki ili wasiniharibikie. Lilifanya kazi wiki sita, kompresa ikafa. Tangu hapo ni kabati langu. Kwa sababu ya panya, unga nauweka humo, na sare za shule, madaftari, kadi za kliniki, hata sukari. Mpira wa mlango umeisha, nafunga kwa kamba ya katani. Nilimfungulia yule kijana, akaona shati jeupe la shule limekunjwa pale kwenye tundu za mayai. Alicheka kidogo. Akaandika: friji, ndiyo. Majina yaliporudi langu halikuwemo. Nadhani ni friji. Wengine wananiambia ni mwenyekiti na ndugu zake, mimi sijui, sikuwepo mkutanoni, mkutano uliitishwa Jumatatu saa tatu asubuhi kana kwamba maskini wa Dar es Salaam muda huo tumekaa barazani.

Najua utaniambia TASAF ipo, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ipo kweli, toka mwaka 2000, na imewafaa watu. Lakini inahesabu kaya, haimuulizi mtu analea na nani. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulipoanza, kiwango cha msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi, na nyongeza kwa wenye watoto. Jirani yangu, bibi mwenye wajukuu wanne, ni mnufaika. Hela ikitoka baada ya miezi miwili anakwenda nayo moja kwa moja kwa mangi kulipa deni la unga, na anarudi na deni jipya. Nikisikia mtu mzima mwenye gari anasema kwenye redio kwamba tukipewa posho tutazaa kwa makusudi, natamani aje nimwachie watoto wangu wiki moja na hiyo hela ya bibi.

Utaniambia pia ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Ilisimamishwa 2023, ikarudi, hongereni. Ila mkopo unarejeshwa, Mheshimiwa. Mtoto akiugua homa wiki mbili simrejeshi kwa awamu. Na elimu bila ada tangu 2016, ahsante sana, mwanangu wa kwanza ni tunda lake. Siku ya Ijumaa alirudishwa nyumbani kwa mchango wa mtihani wa wiki, 500. Kwa wenye mishahara miwili ni hela ya pipi. Kwangu 500 mara tatu kila wiki ni mafuta ya kukaangia.

Bunge mwaka 2023 lilipitisha Bima ya Afya kwa Wote, na wasio na uwezo tukaahidiwa kugharamiwa. Nimefurahi, halafu nikaliangalia friji.

Sitaki nionekane nadai serikali inioe. Watoto wana baba, ana mikono miwili na kazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema matunzo ni haki ya mtoto, na iliifuta ile sheria ya zamani iliyomwekea mtoto wa nje ya ndoa shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Tukaona tumekombolewa. Mbele ya ustawi aliandikishiwa 50,000 kwa mwezi, akatoa mwezi wa kwanza, wa pili akatoa 20,000 na sababu. Baada ya hapo hata sababu hatoi. Mwajiriwa wa serikali akidaiwa na benki, makato hayampiti. Huyu wangu anadaiwa na watoto watatu na hakuna anayemfuata isipokuwa mimi na bodaboda.

Nilikuwa na mengi ya kuomba. Fomu iwe na sehemu ya anayelea peke yake. Mikutano iwe jioni. Mhakiki aulize friji linagandisha? Kwa kuwa usiku umekwenda na saa tisa natakiwa niwe njiani kuwahi mnada, na makonda wenyewe hawapendi ndoo ya samaki mpaka nimpate yule anayenijua, nabakiza moja tu.

Barua ya wito ya tatu ninayo. Ipo ndani ya friji, rafu ya juu, chini ya kadi za kliniki. Tarehe ya kufika iliyoandikwa ni Alhamisi ijayo. Naomba mtu aje kuichukua aipeleke. Gari likikosa mafuta, hata kwa miguu. Mimi Alhamisi nitakuwa Feri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto watatu, Mbagala