Barua kwa kaka yangu aliye zamu Krismasi hii

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mvua za Disemba zinanyesha Kigoma, na jana jioni, mawingu yalipofunguka, milima ya Kongo ilionekana wazi ng'ambo ya ziwa. Wanao walisimama ufukweni wakainyooshea vidole wakisema, "Baba yupo kule." Sikuwasahihisha, ingawa najua kwamba Beni, mji wa Kongo uliko zamu, iko mbali sana kaskazini na kwamba milima tunayoiona hapa siyo unayoamka nayo wewe.

Ninakuandikia hadharani kwa sababu shukrani niliyo nayo si yako peke yako, na kwa sababu nimechelewa kuitoa. Miaka yote uliyokuwa jeshini, kila sikukuu uliyoikosa niliihesabu kuwa pengo letu sisi tuliobaki nyumbani. Sikuwahi kuihesabu kwa upande wako. Kilichonibadilisha ni mkesha wa Krismasi iliyopita, mwanangu alipozidiwa na malaria.

Tulifika hospitali saa mbili usiku. Malaria kali hutibiwa kwa sindano za artesunate, ambazo mgonjwa hudungwa anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Kwa hesabu hiyo sindano ya pili iliangukia saa mbili asubuhi ya Krismasi, watu wakiwa njiani kwenda kanisani, na ya tatu usiku wa sikukuu yenyewe. Hakuna hata moja ambayo ingeweza kungoja hadi ofisi zifunguliwe.

Muuguzi wa zamu alikata kipande cha boksi la dawa, akakizungushia pamba na kukifunga chini ya mkono wa mtoto, ili asiukunje akaing'oa dripu. Alipomaliza nilimtakia Krismasi njema. Akanijibu, "Nawe pia, mama. Mtoto akikojoa niite, nataka nione rangi ya mkojo." Saa tisa usiku nilimwona akila wali uliopoa kutoka kwenye hotipoti, amesimama, macho yake yakiwa kwenye vitanda. Kulipopambazuka alipiga simu nyumbani kwake, nikamsikia akimwelekeza binti yake mahali nguo za sikukuu zilipo na jinsi ya kumfunga mdogo wake vifungo vya mgongoni.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe, na simu zako za kumwuliza wifi kama watoto wamepata viatu.

Nilikumbuka pia Disemba ya mwaka 2017. Jioni ya tarehe 7, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Uhuru, kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na siku chache baadaye miili 14 ikarejeshwa nyumbani. Wewe ulikuwa hujapangwa kwenda huko, lakini mama hakuiachia redio kwa siku tatu. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake, na ni haki. Ila mimi naamini shukrani inapaswa pia kufika mlangoni kwa mtumishi angali hai, imwulize mkewe kama paa linavuja na nani atampeleka mtoto kliniki. Wifi amebeba mambo hayo peke yake, nasi tunaishi mtaa wa pili. Naomba radhi kwa hilo.

Wapo wengine wengi: askari polisi wa doria, mafundi wa umeme, zimamoto, na wafanyakazi wa reli wanaoipokea treni hapa kwetu, mwisho wa Reli ya Kati, hata ikifika usiku wa sikukuu. Nawashukuru wote.

Mwaka huu wifi na watoto watakula kwetu. Mama amekwisha kununua migebuka na mawese mapya, na ametenga chupa moja ya mawese ambayo hataki iguswe hadi utakaporudi. Mimi nitapika pilau mara mbili, kwa maana sufuria la pili litakwenda wodini likiwa bado la moto. Ukipata mtandao, tafadhali piga saa moja usiku ya huko, ambayo kwetu ni saa mbili. Tutakuwa wote sebuleni, nami nitakuwa sijaondoka bado.

Mdogo wako,
Kigoma