Shukrani kwa muuguzi aliyepokea simu yangu usiku

Jina lake silijui, lakini sauti yake naikumbuka mpaka leo.

Ilikuwa 2021, korona imepamba moto. Mama ana homa siku ya pili, anakohoa, hata harufu ya sabuni haisikii. Namba mbili za kwanza nilizopiga kuomba msaada hazikupokelewa. Ya tatu akapokea yeye.

Hakuniharakisha. Aliuliza homa ilianza lini, kama mama ana kisukari au presha, kama anaweza kumaliza sentensi bila kukatika pumzi. Kisha akasema: "Weka simu chini, mtazame kifua, hesabu pumzi dakika nzima. Nipo."

Nikahesabu 22. Akanieleza kwamba zikifika 30, au midomo ikigeuka rangi, nisingoje majibu ya kipimo, nimkimbize hospitali. Mimi nami nilitaka kupimwa usiku uleule. Akanifafanulia taratibu kuwa ukipima mapema mno, kipimo kinaweza kusema huna ilhali unacho kirusi. Nijitenge, nipime baada ya siku chache. Akanitafutia kituo cha kumpima mama chenye nafasi asubuhi, akanikumbusha barakoa, na madirisha ya gari yawe wazi.

Kesho yake jioni akapiga mwenyewe kuulizia majibu, zamu yake imeshakwisha. Hapo ndipo nililia. Mama alikutwa na korona, akapona akiwa nyumbani.

Dada yangu, Mungu akulipe. Nanyi mnaopokea simu za wagonjwa, tafadhali, msikate kabla mtu hajamaliza kuhesabu.