Mama, njoo Mei, usije Januari

Brooklyn Park, Minnesota
Mwishoni mwa Novemba

Shikamoo Mama. Kamwene, na wote hapo Kihesa kamwene. Sisi hatujambo, mkweo hajambo, na huyu wa tumboni anacheza mpaka usiku wa manane. Mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke mahali usipopapenda, maana na wewe umo.

Mama, nimesikia umepanga kuja Januari, mkishapanda mahindi, ili Februari mtoto akizaliwa uwe hapa. Nakuomba ubadilishe. Njoo Mei. Najua utasema mzazi hulelewa akiwa bado mbichi, siyo akishapona. Ni kweli, lakini nisikilize kwanza.

Tunakoishi si Minneapolis yenyewe, ni pembezoni, upande wa kaskazini-magharibi. Nyumba na nyumba, kila moja na ukoka wake mbele, bila ukuta wala geti. Ukiona picha utasema watu hawa wanapendana mno, hata michongoma hawajapanda. Kumbe baridi inawatosha. Kuanzia sasa mpaka Machi mtu anatokea ndani anaingia gereji, maana gereji imeungana na nyumba, anabonyeza kitufe, lango linapanda, gari linatoka, lango linashuka. Unaweza kukaa dirishani kutwa usione uso wa mtu. Nyuzi 20 chini ya sifuri mwezi wa Januari si habari ya kumpigia mtu simu. Wewe uliyezoea kupigiwa hodi mara tatu kabla chai haijapoa, utabaki na mimi, kichanga na runinga, na runinga yenyewe Kiingereza kitupu. Mama wa rafiki yangu alikuja Desemba. Kufika Februari alikuwa anaitikia salamu za watangazaji wa habari. Tulicheka, lakini aliondoka kabla ya muda wake.

Si kwamba majirani ni wabaya. Mdogo wangu hupenda kusema Wazungu hawana utu, basi asikilize hapa. Ng'ambo ya barabara kuna mzee ana mashine ya kupuliza theluji. Ikianguka usiku, asubuhi unakuta ameshasafisha njia ya mbele ya kwake, ya kwetu na ya jirani wa kushoto, naye ameshajifungia ndani. Kule Minneapolis mwenye nyumba hupewa saa 24 tangu theluji ikome awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu. Mzee huyu hangoji kuambiwa na mtu. Nilimpelekea chapati kwenye bakuli. Bakuli likarudi limeoshwa, halina chakula hata chembe. Najua ungesema nini! Lakini ndani alikuwa ameweka kadi ya shukrani, ameiandika kwa mkono wake. Huku namna yao ya kurudisha bakuli ndiyo hiyo, na mimi nimeikubali.

Ambalo sijalizoea ni msiba. Bibi mmoja, nyumba ya tatu kutoka kwetu, alifariki. Sikusikia kilio, sikuona turubai wala viti vya plastiki, hakuna aliyepita na daftari la michango. Nilijua wiki kadhaa baadaye, nilipoona watu wanaingia kwake na kutoka na vitu mikononi. Nikadhani anahama. Kumbe watoto wake wameifungua nyumba na kila kitu kimebandikwa bei: makabati, vitabu, mapazia, mpaka vijiko. Watu wanapita chumbani kwa marehemu wanabonyezabonyeza godoro. Nilisimama sebuleni kwa mtu ambaye miaka yote tulikuwa tukipungiana mikono tu, nikaona haya kutoka mikono mitupu kama niliyekuja kuchungulia. Nikanunua sepeto lake la theluji, dola tano. Ndilo tunalotumia mpaka leo.

Hapo Kihesa jua lisingezama mwenyekiti wa mtaa hajajua, na kina mama wangekuwa jikoni na masufuria ya watu. Watanzania wa huku tuna kundi letu la WhatsApp. Mtu akifiwa tunachanga, na tunakwenda kwake hata kama ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Lakini hao ni ndugu waliotawanyika, Mama. Chumvi ikikuishia saa mbili usiku hawakusaidii.

Sasa Mei. Mei watu wanafufuka. Ukoka umeota, mashine za kuukata zinaunguruma kila Jumamosi, watoto wako barabarani na baiskeli. Wenye nyumba wanafungua gereji na kupanga nje vitu wasivyovihitaji, wanauza kwa bei ya kutupa, na nguo za vichanga ndizo nyingi kuliko zote. Hapo nakuona kabisa, unapunguziwa bei kwa ishara ya vidole! Na mtoto utamfunga mgongoni kwa mbeleko. Huku wanawasukuma kwenye vigari, kwa hiyo bibi mwenye mjukuu mgongoni atasimamishwa kila kona aulizwe amefungaje asianguke. Kwa mtu hupigi hodi hivihivi bila kuahidiana, lakini ukimkuta nje anasalimika na anapenda kusalimiwa. Salamu zako mbili za Kiingereza zitakutosha kuanzia.

Halafu Jumanne ya kwanza ya Agosti kuna jioni ya majirani, jambo lililoanza Marekani mwaka 1984 na watu wa Minnesota wanalipenda sana. Mtaa unafungwa kwa magari, meza zinatolewa barabarani, kila nyumba inaleta chakula, polisi na gari la zimamoto wanapita watoto walipande. Mwaka huu nilipeleka maandazi yakaisha kabla ya nyama choma. Jirani ambaye hatujawahi kuzungumza alinifuata kuuliza kilichomo ni nini. Nikamwambia iliki. Tangu siku hiyo tunasimama na kuongea.

Utafika pia wakati wa bustani, maana huku hawapandi mboga kabla ya katikati ya Mei, wanaogopa baridi ya usiku isiunguze miche. Nyuma ya nyumba pako wazi, ni pako. Ila nakujua: usinifichie mbegu za maboga kwenye pindo la kitenge. Uwanja wa ndege mbegu wanazitakia cheti, na nyama, hata ya kukausha, hairuhusiwi. Unga wa ugali upo maduka ya Waafrika. Koti usinunue, sweta lako la Julai linatosha kabisa kwa Mei. Na ukikaanga vitunguu kile kidude cha darini kikalia, usikimbie nje na mtoto. Kinanusa moshi tu, kipepee na taulo.

Februari usiwe na wasiwasi. Mkweo amepata likizo, na dada mmoja wa Njombe anayekaa karibu ameahidi kuja kunichemshia uji na kunikanda. Mimi nitakosa mtu Mei, nitakaporudi kazini.

Mdogo wangu, najua mahindi ya Kilolo yanavunwa Juni na Julai. Utavuna wewe na shemeji. Usimpe mama hesabu za magunia ili abaki. Umpeleke pia Dar es Salaam kwenye mahojiano ya viza, usimwachie apande basi peke yake.

Jumamosi nitapiga saa mbili usiku ya huko, huku itakuwa saa tano asubuhi. Simu iwe na chaji, na watoto wasiichezee. Nataka Mama aniambie mwenyewe kama ni Mei, nianze kutafuta tiketi.

Ni mimi binti yako.