Gauni la Ella mmeliona, gitaa la Mbaraka je?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia, hata pale mlipokosea majibu ya chemshabongo. Ila ile habari yenu ya urithi wa Ella Fitzgerald, yule mwimbaji wa jazz wa Marekani, mliyoipamba kwa picha ya gauni, imenishinda kunyamaza.

Huyo mama mmemtendea nusu haki. Vitu vyake viko makumbusho ya Smithsonian kule Washington, sawa. Mbona hamkusema kwamba karatasi za muziki alioimba na bendi zake zimetunzwa Maktaba ya Bunge la Marekani, na vitabu vyake vya mapishi viko maktaba ya Schlesinger, Chuo Kikuu cha Harvard? Mtu aliyesahau maneno ya wimbo jukwaani Berlin mwaka 1960, akabuni mengine papo hapo huku bendi ikiendelea, na bado rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo ya Grammy, huwezi kumjua kwa kutazama pindo la nguo.

Sasa nikuulize la kwetu: gitaa la Mbaraka Mwinshehe liko wapi? Bendi yake, Morogoro Jazz Band, ilituwakilisha kwenye maonyesho ya dunia Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha bendi ya Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua huko Mombasa. Daftari lake la nyimbo analo nani? Mikataba ya rekodi je? Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba, wa mji huu huu wa Morogoro, naye tulimpoteza kwa ajali ya gari mwaka 1965, na vyake nani anajua vilipo?

Marehemu kaka yangu aliacha santuri zao, nyingine bado ndani ya majalada yake, pamoja na tiketi za dansi alizokuwa akizibandika kwenye daftari la shule. Nikaona zisije zikaliwa na mchwa, nikazipeleka jumba moja la makumbusho, silitaji, wenyewe wanajijua. Kijana wa mapokezi akazitazama bila kuzigusa, akasema, "Mzee, sisi hapa tunapokea vitu vya asili." Nikamuuliza hiyo asili inaishia mwaka gani. Akaniambia nilete barua ya mtendaji wa kata kuthibitisha kuwa santuri ni mali yangu, na picha mbili za pasipoti, kisha nisubiri kamati ikae. Kamati gani, inakaa lini, hajui. Nyuma yake kwenye kabati la kioo kulikuwa na mkuki, kigoda na kinu. Kinu, Mhariri! Kwa shemeji yangu Turiani hivi sasa wanatwangia mpunga! Kinu ni asili kwa sababu hakichomekwi kwenye umeme, lakini gitaa lililowachosha viatu baba na mama zake huyo kijana, pengine ndilo lililowakutanisha, hilo si asili yake. Nikarudi nimezipakata kwenye daladala, na konda akanitoza nauli ya mzigo.

Halafu hawa watangazaji wa redio, vipindi vya zilipendwa. Gitaa la solo likianza tu kuongea, naye anaingia kumsalimia wifi yake wa Kimara Mwisho. Mpiga besi hatajwi, mwaka hautajwi, wote ni "wazee wetu hao". Kabla wimbo haujaisha wanaukata kwa tangazo la dawa ya nguvu za kiume.

Kwa kuwa makumbusho hawataki, nawapa kazi watu wa reli. Stesheni mpya ya Morogoro ina ukumbi mkubwa na umeme wa kutosha. Wekeni kabati moja la kioo, lenye kufuli, upande usiopigwa na jua maana santuri hupinda, na mashine ya kuchezea pembeni. Za kaka yangu nitazitoa bure, barua ya mtendaji siandiki. Abiria akifika mapema apigiwe upande wa kwanza. Treni ikichelewa, mgeuzieni wa pili.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro